Mafunzo Yamfuate Mwinjilisti Alipo



Katika semina hii nimepewa mada ya mafunzo na nyenzo za kupanda makanisa vijijini. Nina ombi moja: mwinjilisti afundishwe palepale anapohudumu, pamoja na wazee wake, na fedha za kwanza ziende huko kabla ya kununua mabati.

Mwaka juzi nilifika kijiji kimoja wilayani Chamwino, Dodoma. Kusanyiko lilikuwa na watu thelathini hivi, chini ya mbuyu. Anayelilea ni mama mkulima wa uwele aliyeishia darasa la saba. Somo langu lilikuwa kuhesabiwa haki. Nilifundisha karibu saa mbili kwa Kiswahili cha chuoni, watu wakiitikia amina kwa adabu. Nilipokaa, yule mama aliomba aliseme somo kwa Kigogo. Akasimulia habari ya mtu aliyeitwa barazani kwa deni la mbuzi. Hana cha kulipa. Mara mwenye mbuzi mwenyewe anasimama na kutamka mbele ya wazee kwamba asidaiwe tena. Mzee mmoja, kimya tangu asubuhi, akauliza: "Na yule mbuzi, nani kamlipa?" Hapo ndipo somo lilipoanza. Tulizungumza habari za msalaba mpaka jua likapinduka.

Mama huyo alikuwa ameitwa masomoni mara mbili. Kozi ya kwanza iliangukia Januari, wakati wa palizi. Ya pili ilikuwa ya bweni, miaka miwili, naye anamuuguza mama yake mzazi. Kwenye orodha ameandikwa "hakufika". Ndugu zangu, sisi ndio hatukumfikia.

Wapresbiteri wa Guatemala walilipata tatizo hili kabla yetu. Waliolea makanisa ya vijijini walikuwa watu wazima wenye mashamba na familia. Walioweza kwenda seminari ni vijana, na wengi wakishasoma hawakurudi vijijini. Seminari ikahamishwa kutoka mji mkuu hadi San Felipe, bado haikutosha. Mwaka 1963 James Emery na Ralph Winter, na baadaye Ross Kinsler, wakageuza utaratibu: kitabu cha kujisomea kikaenda nyumbani kwa mwanafunzi, na mwalimu akasafiri kukutana na wanafunzi karibu na kwao kila wiki. Ndiyo elimu ya theolojia kwa enezi tunayoifahamu. Ila mahali pengi nilipopita tumepokea vitabu tukaacha yale makutano, na kitabu kisicho na mtu wa kukuuliza umeelewa nini hukaa darini na panya.

Roland Allen, padri Mwingereza aliyehudumu kaskazini mwa China na kufia Nairobi mwaka 1947, alitoa kitabu mwaka 1912 akihoji kwa nini Paulo aliweza kuwaachia wazee wa mahali kanisa kwa muda mfupi, na wamisionari wakashindwa. Nakubaliana naye, lakini tusimtumie kuhalalisha uzembe. Paulo aliondoka, kisha akarudi, akaandika barua, akawatuma Timotheo na Tito.

Wapo watakaosema mafunzo ya chini ya mti yatazaa wahubiri wapotoshaji. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa msituni. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliwataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya masomo ya dini, ikawapa miaka mitano ya kuipata. Siipingi elimu, mimi mwenyewe nimelelewa na chuo. Lakini cheti kikiwa mfukoni mwa mhubiri peke yake, waumini watamhoji kwa lipi? Kinga ninayoiamini ni yule mzee wa mbuzi: mtu mwenye Biblia mkononi, aliyezoea kuuliza na asiyeonekana mkaidi kwa kuuliza. Kwa hiyo tunapomfundisha mwinjilisti, tuwafundishe na wazee wake, kwenye benchi moja.

Kwa utekelezaji, napendekeza kila kanisa mama liteue mwinjilisti mzoefu, alee makusanyiko matatu au manne, na kila moja alifikie mara mbili kwa mwezi. Afundishe somo moja na kuacha jambo moja la kutenda: kumtembelea mgonjwa, kupatanisha majirani, kuongoza ibada ya mazishi. Akirudi, aanze kwa kuuliza lilitendeka vipi. Gharama ni nauli ya bodaboda, madaftari na chakula cha mchana, tena chakula wenyeji watapika. Wafadhili hupenda kupiga picha ya jengo, nasi tumejizoeza kuomba majengo. Tujifunze kuomba nauli.

Siku ile nikiaga, yule mama alinikabidhi karatasi aliyoichana daftarini. Aliandika mahitaji manne: Biblia tatu za herufi kubwa kwa wazee, redio ndogo ya kuchaji kwa jua yenye Maandiko ya kusikiliza kwa wasiojua kusoma, matairi mawili ya baiskeli, na mwalimu arudi kila mwezi, isipokuwa wakati wa palizi. Mabati hakuyaandika.