Buibui wa Shimoni

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa Buhongwa)



Niliombwa niseme juu ya nidhamu. Lakini jana jioni nilipopita bwenini niliona dirishani chupa ya jemu, na ndani yake buibui mkubwa mwenye manyoya. Kwa idhini ya Mwenyekiti, nitasema juu ya huyo.

Buibui huyu wa shimoni ni wa jamii iitwayo tarantula. Afrika Mashariki tunao wa aina nyingi. Mmoja wao mwenye rangi ya machungwa, ambaye wataalamu humwita Pterinochilus murinus, wafugaji wa Ulaya na Marekani wamempa jina la milima yetu ya Usambara. Wanamweka katika masanduku ya kioo, wanamzalisha na kuuziana watoto wake. Sisi tunamwua kwa kandambili. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, hata wafugaji wa vipepeo kule Amani wakaguswa. Lakini Wazungu walikwisha kupata mbegu.

Nami nilipata kufuga, au tuseme nilifugishwa. Nilipokuwa kidato cha tatu, kijana mmoja wa kidato cha kwanza, jirani yangu wa kitanda, alikuwa na buibui jike katika kopo la maziwa. Akapata msiba nyumbani, akaniachia. Siku ya nne nikamkuta buibui amelala chali, ametulia kabisa. Nikasema amekufa, nikammwaga jalalani. Asubuhi nilipopita pale alikuwa ametoka nusu katika gamba lake la zamani, mwili mpya laini, na sisimizi wamemjaa. Kumbe alikuwa anajivua gamba! Buibui anayekufa hukunja miguu chini ya mwili. Anayejivua gamba hulala chali. Sikujua. Kijana aliporudi nilimwambia katoroka. Alitafuta chini ya vitanda wiki nzima, nami nikamsaidia kutafuta. Kama yumo humu ukumbini leo, ndugu yangu, hakutoroka.

Basi anayetaka kufuga ampe udongo wa kina, apate kuchimba. Kifuniko kiwe na matundu madogo na kifungwe sawasawa, kwani ana mbio za ajabu. Maji yawekwe katika kizibo. Panzi au mende mmoja kwa wiki yatosha. Akikataa, mtoeni mdudu huyo, maana buibui aliye laini hata mende humtafuna. Asilishwe tena mpaka meno yake yamekuwa magumu. Wala msimshike. Wengi wa Amerika hujisugua tumbo kwa miguu ya nyuma na kumrushia adui vinyweleo viwashavyo. Wetu hawana silaha hiyo, kwa hiyo huinua miguu ya mbele na kuuma. Maumivu ni makali, na misuli huweza kukaza kwa siku kadhaa. Msitegemee michezo pia. Siku nyingi mtakuwa mnatazama shimo.

Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Anayemchukua akiwa kidato cha kwanza ajiulize nani atamtunza yeye akishamaliza cha sita. Dume akishakomaa huacha shimo lake akaenda kutafuta jike, na maisha yake yaliyobaki ni ya kuhesabu miezi.

Jana nilimtazama vizuri yule wa chupani. Vile viguu vyake viwili vifupi vya mbele vimevimba nchani kama glovu za ngumi. Ni dume, vijana. Mfungulieni leo jioni, kule kwenye mawe, mbali na njia ya kwenda bwaloni.