Mahadhi ya Kale, Maneno Mapya: Hoja Kuhusu Albamu ya Pili ya Bob Dylan



Hukumu iliyozoeleka kuhusu The Freewheelin' Bob Dylan, albamu iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwezi Mei 1963, ni kwamba hapo ndipo kijana huyu wa Minnesota alipoacha kuimba nyimbo za watu akaanza kuimba zake. Hesabu inaipa nguvu hukumu hiyo. Albamu ya kwanza, ya Machi 1962, ilikuwa na nyimbo 13, na alizotunga mwenyewe zilikuwa mbili tu. Iliuzwa kidogo mno, hata baadhi ya watu wa kampuni hiyo wakamwita kijana huyo upuuzi wa John Hammond, mtayarishaji aliyemsajili. Ya pili nayo ina nyimbo 13, ila 11 zimeandikwa kwa jina la Dylan peke yake. Siipingi hesabu, naipinga maana inayopewa. Anayezijua nyimbo za jadi za Uingereza na Scotland, na zile za watumwa wa Marekani, akizisikiliza hizo 11 atatambua kwamba Dylan hakuacha kuazima. Alibadili namna ya kuazima: zamani aliuchukua wimbo mzima, sasa anachukua mahadhi au umbo lake na kulitia maneno yake. Nadai kwamba ukubwa wa albamu hii umo katika uazimaji huo, na dosari yake imo humo humo.

Tuanze na wimbo unaoifungua, "Blowin' in the Wind". Una beti tatu, kila ubeti una maswali matatu, na katika yote tisa hakuna hata moja linalopewa jibu la wazi. Mahadhi yake yametokana na "No More Auction Block", wimbo wa watu weusi waliotoka utumwani wakiapa kutosimamishwa tena mnadani. Dylan hakuutaja mnada popote. Hata hivyo sauti iliyobeba maswali yake juu ya uhuru ilikuwa imekwisha kubeba kiapo hicho kabla yake, na uzito huo haukuweza kutungwa na kijana wa miaka 20 na ushei akiwa peke yake chumbani na gitaa. Kundi la Peter, Paul and Mary liliufikisha wimbo huo nafasi ya pili katika chati ya Billboard majira ya joto ya 1963, na tarehe 28 Agosti likauimba mbele ya umati wa maandamano ya haki za kiraia ya Washington. Mwimbaji mweusi Sam Cooke aliuimba jukwaani, na inajulikana kwamba ulimsukuma kutunga "A Change Is Gonna Come".

Ushahidi mzito zaidi ni "A Hard Rain's A-Gonna Fall". Umbo lake ni la "Lord Randal", utungo wa kale wa mpakani mwa Uingereza na Scotland, ambamo mama anamhoji mwanawe aliyerudi kutoka mwituni: ulikuwa wapi, umekula nini? Mwana anajibu kwa uchovu na kuomba atandikiwe kitanda, mpaka inadhihirika kwamba mpenzi wake amemlisha sumu. Dylan ameuhifadhi mfumo huo wa mzazi kuuliza na mwana kujibu, akaweka maswali matano: ulikuwa wapi, uliona nini, ulisikia nini, ulikutana na nani, na sasa utafanya nini. Kisha akaharibu kitu kimoja kwa makusudi. Katika utungo wa kale beti zinalingana. Kwake ubeti wa kwanza una majibu ya mishororo mitano, na wa mwisho una 12. Gitaa linazunguka pale pale huku mwimbaji akiendelea kumimina, na msikilizaji anayekisubiri kibwagizo anacheleweshwa tena na tena. Sumu nayo imehama. Katika wimbo wa kale ilikuwa kwenye chakula cha kijana mmoja. Katika huu imo katika maji ya watu wote. Ndiyo maana sikubaliani na wanaouita wimbo huu taarifa ya mgogoro wa makombora ya Kuba, ingawa maelezo ya mwandishi Nat Hentoff kwenye jalada la santuri yanauhusisha nao. Dylan aliuimba Carnegie Hall mwezi Septemba 1962, na hotuba ya Rais Kennedy kuhusu makombora ilitolewa tarehe 22 Oktoba. Hofu ya nyuklia ilikuwapo tayari. Umbo la "Lord Randal" ndilo lililoipatia lugha.

Safari ya London mwishoni mwa 1962 inaithibitisha hoja hii. Huko Dylan alikutana na Martin Carthy, mwimbaji wa nyimbo za jadi, akajifunza kwake "Scarborough Fair" na "Lord Franklin". Ya kwanza ikazaa "Girl from the North Country", ya pili "Bob Dylan's Dream". Albamu ilipokuwa inakaribia kutoka, nyimbo nne ziliondolewa na nafasi zake zikachukuliwa na nne zilizorekodiwa tarehe 24 Aprili 1963, wakati mtayarishaji ni Tom Wilson. Kati ya hizo nne mpya, tatu zina mahadhi ya kale: hizo mbili za London pamoja na "Masters of War", iliyojengwa juu ya "Nottamun Town". Kwa sikio langu albamu ilipanda daraja siku hiyo.

Yupo atakayesema kwamba nyimbo za matukio huchakaa pamoja na magazeti yaliyoyaandika. Mara nyingi ni kweli. Lakini tazameni "Oxford Town", wimbo usiofika dakika mbili, juu ya ghasia zilizozuka Mississippi mwaka 1962 James Meredith, mwanafunzi mweusi, alipokwenda kujiunga na chuo kikuu. Jina la Meredith halimo, wala la chuo, na mdundo wake ni wa kuchezeka kiasi cha kumkera msikilizaji. Si wimbo mkubwa, ila haujachakaa.

Pingamizi zito ni jingine: kwamba huu ni wizi uliopewa jina zuri. Kwetu sisi tuliozoea ushairi, sehemu moja ya pingamizi haitusumbui. Hakuna anayemshtaki malenga kwa kutunga utenzi eti bahari ya utenzi si yake. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na wasikilizaji wake waliyajua mahadhi hayo na wakampenda hivyo hivyo. Kutunga juu ya sauti iliyopo ni kazi halali, na ni ngumu, kwa kuwa msikilizaji ana cha kulinganishia. Sehemu ya pili ya pingamizi, hata hivyo, inasimama. Kutunga ni tendo moja, kusajili umiliki ni tendo lingine. "Nottamun Town" ilikuwa imehifadhiwa na ukoo wa Jean Ritchie huko Kentucky vizazi kwa vizazi, na Ritchie alipodai kutambuliwa, wanasheria wa Dylan walimlipa dola 5,000 shauri likaisha. Sheria ya hakimiliki ilijua kumhesabu mtu mmoja aliyeandika maneno. Haikujua kuwahesabu walioitunza sauti isipotee. Kusema kwamba kila mtu wa Greenwich Village, mtaa wa waimbaji wa nyimbo za jadi mjini New York, alikuwa akifanya hivyo kunaeleza mazoea ya pale, hakufuti deni. Henry Thomas, mwimbaji wa Texas aliyerekodi miaka ya 1920, ametajwa kama mtunzi mwenza wa "Honey, Just Allow Me One More Chance". Kwa hiyo kutaja kuliwezekana.

Ili deni la namna hiyo lisirudiwe kwetu, ombi langu ni kwa wanaotunza maktaba za redio na idara za muziki za vyuo vyetu, ambako santuri na kanda za taarabu na dansi zinaingizwa kwenye kompyuta. Kwenye kumbukumbu ya kila wimbo wekeni nafasi mbili: moja ya aliyetunga maneno, nyingine ya mahali mahadhi yalipotoka. Nafasi hiyo ya pili ijazwe sasa, wakati wazee wanaojua jibu bado wapo.