Trekta Ndogo na Vyombo vya Kuongezea
Maneno yaliyosemwa mbele ya wakulima wa mwambao wa Ziwa, Mwanza



Tumeombwa tuseme habari ya trekta ndogo, yaani zile zenye nguvu za farasi 20 hata 40 hivi, ambazo watu wengi wa Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema wanazitamani. Kama yafaa kununua au haifai, hatutalisema hilo leo. Kila mtu aujua mfuko wake. Twataka kusema juu ya vile vyombo vya kuongezea, ambavyo muuzaji humwuliza mnunuzi, "Je, wataka na hiki? Na hiki je?" Kila kimoja kina bei yake juu ya bei ya trekta yenyewe, na mtu aliyeuza ng'ombe aliowaweka kwa mahari ya wanawe hana ng'ombe wengine wa kurekebishia kosa. Basi shauri letu ni hili: kabla ya kuuliza chombo, aulize kwanza udongo wake.

Nchi yetu imekwisha kuona matokeo ya kufanya kinyume. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa, na kisha Urambo na Nachingwea. Trekta zililetwa kwa mamia, nyingine zikiwa mabaki ya vita. Hata vifaru viligeuzwa vikawa trekta. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, na mchanga wake mkali ulikula vyuma vya plau upesi. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Sababu zake zilikuwa nyingi, na mvua haba ni mojawapo, ila hakuna asemaye kwamba mashine zile zilikosa nguvu. Zilichaguliwa na watu waliokuwa mbali na shamba.

Tena, baada ya mwaka 2009 ilipotangazwa Kilimo Kwanza, pawatila zililetwa nchini kwa maelfu. Katika majaluba ya mpunga zilifaa. Penye udongo mzito uliokauka zilirukaruka juu ya ardhi kama mwana-mbuzi, na wenyewe wengine wakazifunga tela, wakabebea mizigo barabarani.

Sasa udongo wetu. Kabla ya kituo cha Ukiriguru kuanza kupima udongo, wazee wa Kisukuma walikwisha kuupa majina. Juu, chini ya majabali, ni luseni, mchanga mwepesi. Tukishuka twakuta itogolo, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji, na huko ndiko yaliko majaluba. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kunata kama ulimbo wakati wa mvua. Mtu mmoja aweza kuwa na namna zote tatu katika mwendo wa nusu saa, na trekta yake ni moja.

Mwenye luseni tupu hana haja ya kulipia trekta inayosukumwa na magurudumu yote manne. Ile ya magurudumu mawili ya nyuma itamtosha. Lakini mwenye mbuga au majaluba, sisi twamwambia alipie manne, hata kama itambidi kupunguza nguvu za farasi. Trekta ya farasi 30 inayoshika ardhi hulima zaidi ya ile ya farasi 40 inayozunguka pale pale ikichimba kaburi lake. Kadhalika aulize kama ina kufuli ya difu, ambayo huyafanya magurudumu ya nyuma yaende pamoja, moja lisizunguke bure hali lingine limesimama.

Baada ya hayo ni matairi, na hapa ndipo wengi hudanganywa na macho. Trekta ndogo nyingi duniani hutengenezwa kwa watu wa kukata majani ya bustani, nazo huvishwa matairi mapana yenye meno mafupi ili yasiharibu nyasi. Yapendeza kutazama, bali katika tope hayana kazi. Takeni matairi ya shamba, yenye meno marefu yaliyolala mfano wa herufi V. Kwa majaluba, ulizeni pia magurudumu ya chuma ya kufunga pembeni.

Na uzito? Trekta ndogo ni nyepesi, na plau ikizama, pua yake huinuka. Vyuma vya uzito vya kufunga mbele ni haki kununuliwa. Kwa nyuma iko njia isiyo ya gharama: kujaza maji ndani ya matairi, kiasi cha robo tatu. Katika nchi za baridi huchanganya dawa au chumvi ili maji yasigande. Huku kwetu baridi ya namna hiyo haiko, na Ziwa halipungui.

Wenye kulima pamba kwa mistari ya sentimita 60 waulize jambo moja ambalo muuzaji hatalitaja: je, magurudumu yaweza kusogezwa yakaachana sentimita 120, katikati hata katikati? Yakiwa hivyo, trekta yapita juu ya mistari miwili wakati wa palizi ya kwanza bila kukanyaga mche. Yasipowezekana, palizi ni ya jembe la mkono, na wanawake ndio watakaolipa bei ya trekta kwa migongo yao.

Tuje kwenye mikono mitatu ya nyuma, inayoshika na kuinua plau. Namna hii ilienea duniani kwa sababu ya Harry Ferguson, ambaye trekta zake ndogo za kijivu zilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Mikono hiyo ina vipimo. Trekta za ukubwa tunaousema aghalabu huwa na kipimo cha kwanza, ambacho pini za mikono ya chini zina unene wa milimita 22. Kipimo cha pili ni milimita 28. Mtu akinunua plau ya bei nafuu kwa jirani mwenye trekta kubwa, aweza kufika nyumbani akaona haiingii. Achukue rula.

Plau yenye visahani vinavyozunguka yafaa mashamba yetu mengi, maana ikikuta kisiki au jiwe hupanda juu yake, na mawe ya Mwanza hatuna haja ya kuyaeleza. Plau ya kugeuza udongo, mfano wa ile ya maksai, hufanya kazi safi zaidi shamba likiwa limekwisha kutolewa visiki. Rotaveta, ile yenye visu vinavyozunguka, ni nzuri katika majaluba. Penye mawe itakula visu na fedha. Kwa wenye matuta kipo chombo cha kuyainua, nacho chapasa kuwekwa mbele ya mapambo yote.

Sasa sikieni neno la uhai wa watu. Trekta nyingine huuzwa pamoja na upinde wa chuma nyuma ya kiti, wa kumkinga dereva mashine ikipinduka. Nyingine zauzwa bila huo, na mnunuzi hufurahi kupunguziwa bei. Serikali ya Sweden iliamuru mwaka 1959 kwamba kila trekta mpya iwe na kinga hiyo, baada ya kuona vifo. Trekta ndogo ni nyembamba. Kwenye ukingo wa mfereji au mteremko huanguka ubavu. Hatari nyingine ni kupinduka kinyumenyume. Tuseme lori limezama mbugani, watu wanakuja kumwomba kijana wenu alivute, naye anafunga mnyororo juu kwenye ekseli badala ya kile chuma cha kuvutia kilicho chini. Magurudumu ya nyuma yakishika, pua huinuka na kumlalia dereva kabla hajafikisha mguu kwenye klachi. Upinde huo, na mkanda uliofungwa kiunoni, ndivyo vitakavyomrudisha nyumbani. Paa la kivuli la bati si upinde. Kivuli ni chema, jua letu twalijua, lakini bati litakunjika kama karatasi.

Beleshi la mbele la kuinulia mchanga huwavuta wengi. Ni ghali, laongeza uzito mbele, na likiinuliwa juu lapunguza uthabiti. Asiye na kazi yake kila juma aliache. Chumba cha vioo na redio tutayapita. Tela lakini ni chombo cha kweli, maana msimu wa kulima ni mfupi, na pamba ya kupeleka ghalani kwa chama, maji, matofali na kuni viko mwaka mzima. Tela liwe na breki zake.

Wapo wanaonunua zile zilizotumika Japani. Nyingi ni imara, na zimezoea mpunga; ila maandishi yake ni ya Kijapani, na vipuri vya miundo mingine ni haba. Kabla ya kulipa, mtu atafute filta ya oili na mkanda wa feni katika maduka ya Mwanza. Asipovipata siku hiyo, hatavipata Novemba, wakati mvua imefika na kila mtu ataka kupanda.

Msikubali kukabidhiwa trekta juu ya lami. Muuzaji ailete shambani, plau ifungwe na kuinuliwa, injini izimwe, mtu asikae chini yake, na wote wangoje robo saa. Ikishuka upesi, haidroliki yavuja. Kisha ilime mistari miwili mahali palipo pagumu kuliko pote. Bwana shamba awepo, na dereva mwenyewe, wala si mwenye fedha peke yake. Kitabu cha mashine aghalabu ni cha Kiingereza. Mwalimu wa kijiji amsomee dereva saa za kubadili oili, ambazo kwa mashine mpya, mara ya kwanza, mara nyingi huwa ni baada ya saa 50 za kazi, na aziandike kwa chaki ukutani mahali trekta inapolala.