AKINA MAMA TUNAOWAFUTA DAFTARINI BILA MAELEZO
Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye Mkutano Mkuu wa Tawi, Misungwi

Ndugu wanachama ambao hamkufika kwa sababu ya shamba, mifugo au kazi za ziwani, tunawatumia maneno haya kama yalivyosomwa. Mwenye simu amsomee jirani asiye nayo.



Kidumu Chama!

Mwezi uliopita ofisi ya tawi ilifanya uhakiki wa daftari la wanachama. Kazi yenyewe mnaijua: aliyehama tunamwandika amehama, aliyefariki tunapiga mstari kwenye jina lake. Tulipofika kwenye majina ya akina mama waliofariki tuliona jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa miaka yote tuliyolishika daftari hilo. Majina yale yaligawanyika mafungu mawili. Fungu moja ni wasichana na akina mama wadogo, wengi wameacha watoto wa kunyonya. Fungu la pili ni bibi zetu. Na kwenye safu ya mwisho, ile ya maelezo, mafungu yote mawili hayana kitu. Tumeandika "amefariki", basi.

Katika uhasibu, shilingi elfu tano ikitoka kwenye sanduku bila hati ya malipo, mtunza hazina anaitwa kujieleza. Hapa ametoka mama wa watu, na hakuna aliyetuuliza, wala sisi hatukujiuliza.

Wapo watakaosema kifo ni mapenzi ya Mungu. Sisi pia ni waumini, hatubishani na hilo. Lakini sikilizeni hesabu hii. Kati ya mwaka 1992 na 1995, Wizara ya Afya pamoja na wataalamu wa Uingereza walihesabu vifo vya watu wazima nyumba kwa nyumba katika maeneo matatu ya nchi yetu. Mawili yalikuwa ya vijijini: Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, na Morogoro Vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Kwa hali ya vifo ya miaka ile, ukichukua wasichana 100 wa miaka 15 wa Hai, 26 wangefariki kabla ya kufika miaka 60. Wa Morogoro Vijijini, katika 100 wangefariki 48. Katika nchi tajiri wakati huohuo walikuwa 7.

Tuitafakari. Hai ni kijijini na Morogoro Vijijini ni kijijini. Wote ni Watanzania, wote wanashika jembe. Lakini upande mmoja anafariki mmoja katika wanne, na upande wa pili karibu nusu. Hatuamini kwamba Mungu aliwapenda wa Hai kuliko wa Morogoro. Hai ilikuwa na uwezo zaidi, Morogoro Vijijini ilikuwa maskini zaidi. Penye tofauti kubwa namna hiyo kati ya sehemu na sehemu, ipo kazi ya binadamu ambayo haikufanyika.

Hesabu ile ilionyesha jambo jingine kuhusu umri. Kwa kawaida wanaume hufariki zaidi ya wanawake. Lakini Morogoro Vijijini, kuanzia miaka 20 hadi 34, wanawake walifariki zaidi ya wanaume. Hai ilikuwa hivyo kwa miaka 25 hadi 29 tu. Huo ndio umri wa kuzaa. Na katika miaka ile ndio umri ambao UKIMWI ulikuwa ukiwachukua wasichana mapema kuliko wavulana. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kusimuliwa, tulilea yatima wa wakati huo. Hapo Kisesa, wilayani Magu, kituo cha Mwanza cha taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, kimefuatilia kaya tangu mwaka 1994, na kilionyesha vifo vya watu wazima vikishuka baada ya dawa za kufubaza virusi kuanza kupatikana. Kwa hiyo vifo hushuka, tukifanya linalotakiwa.

Hata kwenye uzazi vimeshuka. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni hatua kubwa na tunaipongeza serikali. Sisi wa Misungwi tunayo pia Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Mnakumbuka mama mwenye uchungu anasubiri kivuko usiku, upepo umechafua ziwa. Sasa anavuka kilomita tatu kwa dakika chache.

Lakini ndugu zetu, wastani wa nchi haukuambii hali ya kitongoji chako. Daraja lipo barabarani. Kutoka nyumbani kwa mama hadi barabarani bado ni kazi yetu. Mama anatoka damu, mume yuko kambi ya uvuvi, mama mkwe anasema tusubiri kukuche, bodaboda anataka fedha kwanza. Kukicha tunachimba kaburi.

Sasa tuje kwenye fungu la pili, bibi zetu. Hapa ni pagumu, kwa sababu hapa hatuwezi kusingizia umbali wa zahanati.

Usukuma yetu ina historia ya mauaji ya vikongwe. Mtaalamu mmoja wa uchumi, Edward Miguel, alifanya utafiti katika vijiji vya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga na leo ni Simiyu, akauchapisha mwaka 2005. Aliona kwamba mwaka wa ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka mara mbili. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Na waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, mara nyingi kwa mikono ya ndugu zao wenyewe. Kama bibi ni mchawi, kwa nini uchawi wake usubiri mvua ikatike? Jibu tunalijua. Chakula kikipungua, anatafutwa wa kulaumiwa, na anayepatikana ni yule asiye na mtu wa kumtetea.

Na wanasema macho yake ni mekundu. Mama aliyepuliza moto wa kuni, mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini, kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yake yawe ya rangi gani? Moshi aliouvumilia akitupikia ndio tunaomhukumia.

Tuseme ukweli, na tunausema kama ofisi ya tawi. Hapa kwetu, kwenye msiba mmoja, alinyooshewa kidole mjane mwanachama wetu. Viongozi tulikuwepo, tumekaa kwenye viti. Tulisikia, tukanyamaza, tukala ugali wa msiba, tukaondoka. Wiki ile bibi yule alihamia kwa binti yake wilaya nyingine, akaacha shamba na kuku zake. Yu hai, tunashukuru. Lakini ada yake imelipwa na jina lake bado lipo kwenye daftari letu. Tunamwandika amehama? Hakuhama, alikimbia, na sisi tulimwangalia.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, mkutano umekubaliana haya yafuatayo:

1. Mwanamke akifariki, wa chama chetu au wa chama kingine au asiye na chama, balozi atahakikisha familia inatoa taarifa kwa mtendaji ndani ya siku 30 kama sheria inavyotaka: umri, mahali, na aliugua nini. Nakala fupi itabaki tawini. Safu ya maelezo haitaachwa wazi tena.

2. Kila shina litamfahamu kila mjamzito wake, na litakuwa na bodaboda mmoja aliyekubali kubeba kwanza, fedha baadaye. Dharura ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, pigeni 115, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama. Simu hiyo ni bure. Msisubiri kukuche, wala msisubiri mume arudi kutoka ziwani.

3. Ni marufuku kwa kiongozi au mwanachama kumtaja mtu kwa uchawi, msibani, kilabuni au kwenye kundi hili la simu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 bado ipo, na kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa. Atakayemleta mpiga ramli chonganishi tutampeleka polisi, awe mjumbe, awe mfadhili wa tawi. Sungusungu tumeshazungumza nao.

4. Akina mama wa UWT wataanza na jiko moja sanifu na dirisha moja kwa kila bibi anayeishi peke yake. Vijana watafyatua matofali, ofisi itachangia bati.

5. Mwenyekiti, Katibu na balozi wa shina husika watakwenda kumwona bibi yule alikokimbilia. Watamwomba radhi. Akitaka kurudi, watarudi naye, na watakaa naye mbele ya ukoo wake. Akikataa kurudi, shamba lake litalindwa mpaka aseme mwenyewe lifanyiweje.

Mkutano ujao, kabla ya ajenda ya mapato na matumizi, daftari hili litasomwa kwa sauti, shina kwa shina. Shina litakaloleta safu tupu litasimama lijieleze.



Kidumu Chama!

Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi, Misungwi