Jipime: Unaufahamu Mwili?
Kati ya mtoto mchanga na baba yake, nani ana mifupa mingi? Wengi humtaja baba. Wamekosa! Mtoto huzaliwa na mifupa ipatayo 300. Mingine huungana anapokua, hadi ibaki 206.

Malaria je? Huenezwa na mbu jike wa anofelesi, anayehitaji damu ili akuze mayai. Dume hujilia zake maji matamu ya maua. Ronald Ross aliviona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897.

Swali la mwisho huwaangusha hata wasomi: antibiotiki hutibu mafua? Hasha. Mafua huletwa na virusi, nazo antibiotiki hupambana na bakteria. Anayezimeza kwa kila chafya hupoteza fedha na kuwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Msikilizaji, muone mhudumu wa afya kabla ya kuzinunua.