Hadithi Fupi ya Kisasa na Sarufi ya Usimulizi wa Kiswahili



Naomba kwanza nitoe shukrani zangu za dhati kwa idara iliyonialika. Mimi ni mwanaisimu. Kwa zaidi ya miaka 30 nimefundisha mofolojia na sintaksia ya Kiswahili, na bila shaka wapo humu ukumbini wanaojiuliza imekuwaje mtu wa viambishi akaja kuzungumzia hadithi fupi, shamba ambalo wenzangu wa fasihi wamelilima tangu zamani. Swali hilo ni la haki. Nimekuja kwa sababu nina deni, na deni lenyewe nitalieleza mbele kidogo. Nimekuja pia kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya ufundi wa hadithi fupi ya Kiswahili imo ndani ya kitenzi, mahali ambapo wahakiki wetu hupita haraka wakielekea kwenye dhamira.

Tuanze na jina. Tunasema “hadithi fupi”, na mwanafunzi huuliza: fupi kuliko nini? Wapo waliojaribu kujibu kwa kuhesabu maneno au kurasa. Jibu hilo halitufikishi mbali, kwani ngano nyingi ni fupi, na habari ya gazetini ni fupi, wala hatuziiti hadithi fupi kwa maana tunayoikusudia leo. Mmarekani Edgar Allan Poe, alipokuwa akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne mnamo mwaka 1842, aliupima ufupi kwa kikao cha msomaji: kazi inayosomwa kwa nusu saa, au saa moja hadi mbili, bila kukatizwa na shughuli za dunia. Kwa maoni yake, mwandishi huanza kwa kuchagua athari moja anayotaka kuiacha katika nafsi ya msomaji, kisha hubuni matukio yatakayoileta athari hiyo. Baadaye, mwaka 1925, Mrusi Boris Eikhenbaum alisisitiza kwamba riwaya na hadithi fupi si mtu na mdogo wake. Ni tanzu zenye asili tofauti, na uzito wa hadithi fupi huelemea mwishoni.

Nadharia hizi ni maarufu na sitakaa nazo. Ninalotaka mlitambue ni kwamba nyuma yake upo ukurasa wa gazeti. Poe alikuwa mhariri wa majarida. Hadithi ya Guy de Maupassant kuhusu mkufu ilitoka katika gazeti la Le Gaulois mwezi Februari 1884. Anton Chekhov, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari, aliandikia majarida ya vichekesho, na mhariri wake mmoja alimwekea kikomo cha takriban mistari 100. Ufupi tunaouhusudu kama sanaa ulianza kama amri ya mtu mwenye nafasi ndogo ya kuchapisha.

Kwetu pia mambo hayakuwa tofauti sana. Tumezoea kusema kwamba hadithi fupi ya Kiswahili ni binti wa ngano, na ushahidi hutolewa kwa mikusanyo kama ule wa Edward Steere wa ngano za Unguja uliochapwa London mwaka 1870. Silikatai hilo. Lakini binti huyo alilelewa na gazeti. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwazoesha wasomaji kukutana na kisa katikati ya matangazo na habari za serikali. Baadaye redio nayo ikaingia, pamoja na mashindano ya hadithi ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Ndipo zikaja diwani za waandishi binafsi: Pepeta ya Saad Yahya (1973), Kicheko cha Ushindi ya Mohamed S. Mohamed (1978), na Si Shetani si Wazimu ya Said Ahmed Mohamed (1985). Hii ya mwisho, kwa maoni yangu, ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi mwandishi aliyekwisha kuvuka kutoka kwenye kusimulia hadi kwenye kuandika.

Kuvuka huko kunaonekana wapi? Wenzangu wa fasihi watasema: katika wahusika, katika nafsi iliyogawanyika, katika mji. Mimi nasema: tazameni -ka-.

Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kazi ya kiambishi hiki. Kwa kawaida hakina wakati wake chenyewe. Huegemea kitenzi kilichotangulia na kukokota tukio moja baada ya jingine. Alikwenda, akamkuta, akamwambia, akakataa. Wanasarufi hukiita kiambishi cha mfuatano, lakini katika usimulizi hufanya zaidi ya kufuatanisha: humdokezea msikilizaji kwamba tukio la pili limezaliwa na la kwanza. Msimulizi wa ngano ana haja nacho kwelikweli. Wasikilizaji wake wamo gizani, watoto wanasinzia, hakuna awezaye kurudi ukurasa uliopita. -Ka- ni kamba anayowashikisha ili wasipotee njia.

Msomaji wa hadithi iliyochapwa anaweza kurudi. Kwa hiyo mwandishi anaweza kuikata kamba. Niruhusuni nitoe mfano niliojitungia mwenyewe, kwa kuwa sipendi kumkatakata mwandishi wa watu mbele ya hadhara. Kwanza kwa mtindo wa kukokota:

“Mama alirudi kutoka hospitali, akaikunja mbeleko ya mtoto, akalivuta sanduku, akaitia mbeleko sandukuni, akalia.”

Sasa kwa namna ya pili:

“Mama alirudi kutoka hospitali. Mbeleko aliikunja mara nne. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda.”

Katika namna ya kwanza tumeambiwa kila kitu, hata machozi. Katika ya pili hakuna -ka- hata moja. Kila sentensi imesimama peke yake, kama watu wa msibani wasiojua waseme nini. Yambwa “mbeleko” imetangulizwa, kiambishi -i- kikabaki ndani ya kitenzi kuirejelea, na kwa hiyo macho yetu yanatua kwenye kitambaa kabla ya kumwona anayekikunja. Sentensi ya tatu haina tendo kabisa. Inataja mahali kilipo kitu. Hakuna aliyetuambia kwamba mbeleko itaingia sandukuni, na neno mtoto halikutamkwa. Msomaji ndiye anayefunga fundo, na akishalifunga mwenyewe hawezi kujidai kwamba hakusikia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba -ka- ni alama ya ushamba, wala kwamba mwandishi wa kisasa aikimbie. Wapo vijana waliosikia habari za mtindo wa kukata, sasa wanaandika sentensi za maneno matatu kurasa ishirini mfululizo, na ukizisoma unapata kwikwi. -Ka- inapokuja baada ya kuzuiwa kwa muda mrefu huwa na nguvu ya bwawa lililobomoka. Mwandishi hodari anajua aibanie wapi na aiachie wapi.

Nije kwenye neno jingine dogo: kumbe. Lugha nyingi zingetuhusudu neno hili. Kwa silabi mbili tu tunasema kwamba tulidhani vile, mambo yako hivi, na sasa hivi ndiyo tumetambua. Hadithi ya mkufu ya Maupassant, ukiipasua, ni kumbe moja iliyotayarishwa kwa uangalifu. Mathilde Loisel anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake, unapotea, yeye na mumewe wananunua mwingine kwa faranga 36,000, wanaishi miaka kumi ya ufukara wakilipa madeni, kisha anaambiwa kwamba ule wa kwanza ulikuwa bandia, wenye thamani isiyozidi faranga 500. Hadithi imekwisha, na kumbe yake imekuja katika mstari wa mwisho.

Sasa tazameni hadithi ya Chekhov ya mwaka 1899 kuhusu mwanamke mwenye kijibwa. Gurov, mtu mwenye mke na watoto, anakutana na Anna mjini Yalta. Anadhani ni jambo la kupita, halipiti. Mwishoni wako pamoja katika chumba cha hoteli Moscow, wakijua kwamba sehemu iliyo ngumu kuliko zote ndiyo kwanza inaanza. Hapo huwezi kutia kumbe. Hakuna siri iliyofichuliwa. Kilichobadilika ni uzito wa jambo tulilokuwa tukilijua tangu zamani.

Waandishi wetu wengi, na hasa wale wanaoandikia mashindano, ni wana wa Maupassant bila kumsoma. Mwizi, kumbe ni ndugu. Bibi harusi, kumbe ni mgonjwa. Sioni aibu katika aina hii, nami huifurahia ikifumwa vizuri. Tatizo ni kwamba tumeifanya kuwa aina pekee, kisha tukaifunga mkia wa mafunzo.

Kuhusu mwanzo wa hadithi nitasema machache, ingawa ungestahili mhadhara wake. Ngano hutambulisha: palikuwa na mtu. Hadithi ya kisasa hujifanya tumekwisha kujuana. Kiingereza hufanya hivyo kwa kibainishi na kwa kiwakilishi cha nafsi, ambacho tangu neno la kwanza hufichua kama mhusika ni mume au mke. Sisi tuna “yule” inayotangulia nomino, “yule mwanamke”, ambayo humlazimisha msomaji kukubali kwamba alikwisha kutajiwa huyo mtu. Tena tuna kiambishi a-, kisichojali jinsia. “Alipoamka, chumba kilinuka tumbaku.” Ni nani? Mwandishi wa Kiswahili anaweza kulificha jambo hilo kurasa nzima bila kuonekana kwamba anaficha. Mfasiri wake hana bahati hiyo. Nimesoma hadithi chache mno zinazoitumia hazina hii kwa makusudi.

Sasa deni langu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana katika kazi hii, nilipewa kufundisha somo la utunzi kwa muhula mmoja, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa masomoni. Mwanafunzi mmoja alileta hadithi ya kurasa nne. Baba amegombana na jirani. Hatuambiwi kwa nini. Chumvi inaisha nyumbani usiku, duka limefungwa, na mama anamtuma mtoto kwa jirani huyohuyo, kwa sauti ya chini ili baba asisikie. Mtoto anauvuka ua. Sentensi ya mwisho, naikumbuka hadi leo, ilikuwa hivi: “Alisimama mlangoni, bakuli mkononi, akibisha hodi.”

Nilichukua kalamu nyekundu nikaifuta ile i katika “akibisha”, nikaandika a juu yake. “Akabisha hodi.” Pembeni nikaandika: Hadithi haijaisha. Je, alifunguliwa? Funzo ni lipi? Nikampa alama za kumtosha kufaulu na si zaidi. Hakubishana nami. Muhula ule aliandika kazi nyingine mbili, zote zenye methali mwishoni, nami nilizipa alama nzuri. Sijaona jina lake popote pale hadithi zinapochapishwa.

Ilinichukua miaka mingi kutambua nilichofanya, nami nilikuwa mwanaisimu, mtu ambaye hakustahili kukosea hapo. -Ki- ile ilikuwa sahihi. Inaonyesha tendo linaloendelea, lisilo na ukomo. Mtoto yule anabisha, na ugomvi wa watu wazima wote umo katika mlango ambao haujafunguliwa wala haujakataa kufunguliwa. Kwa kuandika -ka- nililifanya tendo kuwa tukio katika mnyororo, na mnyororo lazima uwe na pete inayofuata. Swali langu kuhusu kufunguliwa nililizalisha mimi mwenyewe, kwa irabu moja.

Naeleza haya kwa kuwa kalamu nyekundu kama ile bado zinafanya kazi. Hadithi fupi leo inasomwa zaidi darasani kuliko gazetini. Diwani kama Damu Nyeusi (2007) na Tumbo Lisiloshiba (2016) zilitahiniwa katika shule za upili za Kenya kwa miaka kadhaa, na kwa vijana wengi hizo ndizo hadithi fupi za Kiswahili walizowahi kusoma kwa makini. Hilo ni jambo la kufurahia. Lakini fungueni miongozo inayouzwa pamoja na vitabu hivyo: dhamira, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha zilizoorodheshwa kama bidhaa za dukani, tashbihi tatu, methali mbili. Nimepekua kadhaa nikitafuta swali moja tu linalouliza kwa nini mwandishi alitumia njeo fulani mahali fulani. Sijalipata. Isimu inafundishwa katika karatasi moja, fasihi katika nyingine, na mwanafunzi anatoka shuleni akiamini kwamba -ki- ni jambo la kujazia mapengo.

Ombi langu kwa wenzangu wanaotunga mitihani na wanaoandaa miongozo ya kusahihisha ni dogo. Katika kila hadithi iliyoteuliwa, tieni swali moja linalohusu sentensi ya mwisho kama ilivyoandikwa: kitenzi chake kiko katika njeo na hali gani, na kingebadilika nini kama kiambishi kingekuwa kingine. Na kwa walimu wa utunzi: kabla ya kuandika “haijaisha”, someni tena kitenzi cha mwisho.

Nakala ya hadithi ile sinayo. Niliirudisha kwa mwenyewe ikiwa na wino wangu. Ikiwa bado anayo, na kama kwa bahati yumo humu au atausoma mhadhara huu utakapochapwa, naomba anijie ofisini. Alama zake nitazibadilisha, hata kama masijala hawatazipokea.