Kuvu Haingoji Mvua Ikatike: Mahindi ya Keroka na Sumu Yake



Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha okratoksini, sumu ya kuvu nyeusi za zabibu, katika mvinyo: maikrogramu 2 kwa kilo. Mwaka mmoja kabla yake, hapa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, huko Ukambani, kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu nyingine ya kuvu. Kwao kuvu ilihofiwa kwenye mvinyo; kwetu sisi imeingia kwenye ugali.

Tangu msiba ule, wengi Gusii wamelihesabu jambo hili kuwa la Ukambani. Wana sababu: Aspergilasi, kuvu inayotoa sumu hiyo, yenye unga wa kijani kibichi, hupenda joto na mahindi yaliyoteswa na ukame. Lakini baridi na mvua za Keroka, huku Gusii, zina kuvu yake, Fusariamu. Menya hindi lililotobolewa na viwavi uone ukungu mweupe unaoelekea uwaridi. Hiyo huingia mahindi yakingali shambani, kupitia ndevu na vidonda vya wadudu, na huweza kutoa fumonisini, sumu iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988 na inayoshukiwa kuchangia saratani ya umio. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiwekea kikomo cha miligramu 2 kwa kilo. Ni mkulima gani wa Keroka aliyewahi kupimiwa mahindi yake?

Hatari huongezeka baada ya mavuno. Mahindi huanikwa kwenye turubai asubuhi, mawingu yakitanda mchana hukunjwa mbiombio, kesho huanikwa tena. Mwishowe hutiwa guniani yakiwa mabichi kwa ndani. Kiwango salama ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na meno hayawezi kuupima. Chumvi inasaidia. Tia mahindi theluthi ya chupa kavu ya kioo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishika kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isiposhika, huenda bado yamezidi asilimia 13.5, hivyo yaanike siku mbili nyingine kabla ya kuyahifadhi.

Na yale yaliyooza? Hapa ndipo moyo wangu unaponiuma zaidi, kwa sababu mama anayeyachambua kwa uangalifu ili wanawe wasiyale huwapa kuku na ng'ombe, au huyauza yakapikiwe busaa. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutokea kwenye maziwa. Mtoto aliyeepushwa na ugali mbaya huletewa sumu kwa kikombe, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Mahindi yaliyooza yafukiwe au yachomwe, ingawa najua ni vigumu kumwambia hivyo mtu mwenye njaa.

Ndiyo maana simtwiki mkulima mzigo wote. Jua halinunuliwi, lakini mashine ya kukaushia nafaka hununuliwa. Kaunti za Kisii na Nyamira zimevutana miaka mingi juu ya mpaka na ushuru wa soko la Keroka. Naziomba zote mbili: kabla ya mavuno yajayo, wekeni mashine moja ya kukaushia na kipima unyevu sokoni hapo, vimhudumie kila mwenye gunia, awe ametoka upande wowote wa mpaka.